Kabla ya kufungua Airbnb Moshi, panda juu uangalie simtanki

Anayefungua nyumba ya wageni kwa mara ya kwanza hapa Moshi huanza na mapazia. Ananunua mapazia, kapeti, maua ya plastiki na picha ya tembo ya kutundika sebuleni, kisha anapiga picha na kuweka tangazo mtandaoni. Maoni ya wageni yakianza kuingia, hakuna anayetaja mapazia. Wanataja maji yaliyokatika mtu akiwa na sabuni mwilini, intaneti iliyozimika na umeme, na kitanda kilichowabana miguu.

Wageni wengi wa Moshi ni watu wa mlima, wanaokuja kupanda Kilimanjaro. Wanalala usiku mmoja au miwili, wanapanda kwa siku 5 hadi 8 kutegemea njia, Marangu, Machame, Lemosho au nyingine, kisha wanashuka na kulala tena usiku mmoja kabla ya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, au mbugani. Arusha wapo zaidi watu wa safari, na wale wa mikutano ya AICC (kituo cha mikutano cha kimataifa), Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, ambao hukaa muda mrefu kidogo na wanataka meza ya kufanyia kazi. Mtu wa mlima hana shida na meza. Anafika usiku amechoshwa na ndege, au mchana akiwa na vumbi la wiki nzima. Nyumba yako ipange kwa ajili ya saa hizo mbili.

Maji

Piga hesabu ya lita 100 kwa mgeni kwa siku. Wanne ni lita 400, ongeza 150 za usafi na kufua mashuka. Simtanki la lita 2,000 litakufikisha siku tatu na nusu maji yakikatika, na hiyo inatosha kwa nyumba ya vyumba viwili. La lita 1,000 litakuaibisha siku ya pili, hasa wageni wakiwa wameshuka mlimani, maana siku hiyo kila mmoja anaoga mara mbili na kufua soksi.

Lakini ujazo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kimo. Kila mita moja ya kimo cha maji inakupa presha ya bar 0.1 tu. Mnara wa mita 3 unaonekana mrefu, ila shawa yenyewe ipo mita 2 kutoka chini, kwa hiyo simtanki likikaribia kuisha unabaki na tofauti ya mita moja. Maji yatadondoka, hayatatoka. Nyumba nyingi za mjini zina tatizo hili na wenyewe hawalioni kwa sababu wao wanaoga kwa ndoo. Jenga mnara wa mita 5 au 6 kama una nafasi. Pampu ya kuongeza presha ni rahisi kufunga, lakini TANESCO wakikata, presha nayo imekwenda. Mnara hauhitaji umeme.

Kwenye simtanki angalia boya, lisipofunga vizuri maji yatamwagika usiku kucha na bili itakuja nayo. Weka chujio la mchanga kwenye bomba linaloingia, kwa sababu masika maji huja na tope, na tope hilo huziba matundu ya shawa. Lioshe simtanki mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa baada ya masika.

Kwa aliye Arusha kuna jambo la ziada. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, katika vyanzo vingine juu sana ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha kidogo, maana maji yanapungua na floridi inabaki. Mgeni mwekee dumu kubwa la maji ya kunywa lenye bomba lake na umwambie kwa maandishi kwamba ya bombani ni ya kuoga na kuoshea vyombo. Usimwachie tu birika ukadhani umemaliza.

Maji ya moto na umeme

Shawa ya umeme ndiyo chaguo la wengi kwa kuwa ni bei nafuu, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Ya wati 5,400 inavuta karibu ampea 24. Fundi mvivu ataiunganisha kwa waya wa soketi wa 2.5 mm², itafanya kazi mwezi mmoja, kisha utaanza kusikia harufu ya plastiki kwenye swichi. Dai waya wa 4 mm² au zaidi, uliotoka moja kwa moja kwenye boksi la breka, breka yake yenyewe, swichi kubwa nje ya bafu, na ethi inayofika ardhini kweli. Ethi usiikubali kwa maneno. Mwambie fundi aipime mbele yako. Mgeni akisema anahisi "vijisindano" akishika bomba, zima breka ya shawa hiyo papo hapo na usiruhusu mtu aitumie hadi ipimwe.

Sasa kuna siri ya saa mbili usiku. Hiyo shawa ya wati 5,400 inaweza kupandisha joto la maji kwa nyuzi 25 hivi ikiwa yanapita lita 3 kwa dakika. Maji ya nyuzi 18 yanakuwa 43, safi kabisa. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko na pasi, volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya shawa inashuka hadi kama wati 3,700, na maji yaleyale yanafika nyuzi 35 au 36. Mgeni ataandika kwamba hakuna maji ya moto, wewe utaijaribu asubuhi, utayakuta yanachoma, na utamwona mkorofi. Sio mkorofi. Juni na Julai, baridi ikiwa imeshika, tofauti hii ndiyo inayoamua nyota ngapi unapewa. Weka maelezo madogo bafuni: punguza maji ili yapate moto zaidi. Ukiwa na uwezo, funga hita ya tanki ya lita 80 au 100, ama ya sola yenye msaada wa umeme, na uwashe kabla wageni hawajarudi.

Usisahau pia kwamba shawa mbili zikiwashwa pamoja na birika la umeme unakaribia ampea 56, na nyumba nyingi zina mein swichi ya 60.

Upande wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuoga dakika 10 kwa shawa hiyo ni uniti 0.9. Watu wanne ni uniti 3.6, na siku 20 za wageni ni uniti 72 za kuoga peke yake. Kama mita yako ipo kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ambayo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, utatolewa humo na bei ya uniti itapanda karibu mara tatu. Hesabu bei ya kulala kwa tarifu ya juu tangu siku ya kwanza. Na mgeni asikute mita inalia. Msimamizi asome mita kila mgeni anapoondoka na kuhakikisha zimebaki uniti 50 au zaidi.

Umeme ukikatika, mgeni anataka taa, intaneti na chaji. Taa 8 za wati 7, ruta na simu nne ni kama wati 110. Kwa saa 6 hiyo ni wati-saa 660. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 ya volti 12 inakupa salama nusu tu ya ilichonacho, kama 600, kwa hiyo itapumua kwa shida. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa 1,000. Friji na shawa usiziunganishe kwenye inveta hiyo hata fundi akikuapia. Friji ipe friji gadi, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo kompresa inapokufa.

Kitanda

Seremala wa hapa ukimwagiza kitanda atakutengenezea futi 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Futi 6 ni sentimita 183. Mholanzi au Mjerumani mrefu anafika 190 bila taabu, na kitanda kikiwa na ubao miguuni hana pa kupeleka nyayo. Agiza kitanda kisicho na ubao wa miguuni, na ukiweza urefu uwe futi 6 na nusu, godoro likatwe kwa kipimo hicho. Kumbuka tu kwamba shuka za dukani za 6 kwa 6 hazitafika, zishonwe.

Kila kitanda kiwe na seti tatu za shuka: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja ipo kabatini. Masika seti ya tatu ndiyo inayokuokoa, nguo hazikauki. Blanketi mbili kwa kitanda, hata kama wewe unalala na moja. Neti iwe ya pembe nne yenye fremu, isiyomgusa mtu akilala. Ile ya duara inayoning'inia kwenye kitanda kikubwa huishia kugusa viwiko, na mbu anauma kupitia neti.

Taulo nyeupe ni za mahoteli yenye mashine na dawa za kufulia. Vumbi la mlima halitoki kwenye taulo nyeupe. Nunua za kijivu kilichokolea au rangi ya maruni, na nje mwekee mgeni bomba, brashi ya viatu na kamba ndefu ya kuanikia. Hilo ni jambo dogo sana kwa gharama, na ni nadra kulikuta.

Nondo za madirisha

Kila dirisha letu lina nondo, na kila mlango wa nyuma una kufuli. Usiku wa moto nyumba hiyo ni mtego. Katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali mtu anaweza kuupapasa gizani lakini mkono wa nje hauufikii. Mlango wa kutokea usiwe na kufuli la ndani ambalo ufunguo anao mlinzi. Nunua mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 6 uwe karibu na jiko, si ndani ya jiko, na king'ora cha moshi kwenye korido. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta, na mpira wake ubadilishwe ukianza kupasuka unapoukunja. Namba ya Zimamoto, 114, na ya polisi, 112, ziandikwe ukutani pamoja na namba ya msimamizi.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa ajili ya kuota moto, kamwe. Baridi ya Julai inawashawishi watu, wageni na wasimamizi, na hewa ya mkaa inaua mtu akiwa usingizini bila kumwamsha.

Makaratasi

Anza na TIN, namba ya mlipakodi, kisha leseni ya biashara ya halmashauri, kisha ukaguzi wa Zimamoto na afya. Malazi ya watalii yanahitaji pia leseni ya biashara ya utalii chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo huombwa kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Uliza tozo zote za malazi zinazokuhusu kabla hujapanga bei, kwa sababu huwezi kurudi kwa mgeni aliyekwisha lipa ukamwongezea. Zile shilingi 1,500 unazokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni kodi ya jengo. Wapo wanaoamini kwamba kwa makato hayo wamemalizana na TRA. Mapato ya wageni ni habari nyingine na yanahitaji risiti na vitabu vyake.

Bei ya ndani iwe kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa nchini, kwa hiyo ile karatasi ya mlangoni iliyoandikwa dola za kufua nguo na kifungua kinywa itoe.

Kama nyumba umepanga, pata ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Mweleze pia mwenyekiti wa mtaa na majirani kwamba watu wapya watakuwa wanaingia na kutoka usiku. Usipowaambia wewe watajiambia wenyewe. Weka kitabu cha wageni: jina, uraia, namba ya pasipoti, anakotoka, anakokwenda. Kitabu kikae kwenye droo yenye kufuli, hizo ni taarifa binafsi za watu na sheria ya kuzilinda ipo tangu 2022. Kamera weka getini tu. Airbnb walipiga marufuku kamera za ndani tangu mwaka 2024, hata ya sebuleni, hata iliyozimwa.

Na safari usiuze. Mgeni atakuuliza bei ya mlima siku ya kwanza, na kishawishi ni kikubwa. Kupandisha watu Kilimanjaro ni kazi ya kampuni yenye leseni na waongozaji waliosajiliwa. Kumbeba mgeni kwa malipo kwenye gari lako binafsi nako ni kujitafutia matatizo.

Bei

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili inayotozwa 120,000 kwa usiku kupitia mtandao unaokata asilimia 15. Usafi na kufua baada ya kila mgeni tuseme ni 25,000. Mgeni wa usiku mmoja anakuachia 77,000. Wa usiku tatu anakuachia 281,000, yaani karibu 93,700 kwa usiku, kwa kuwa umefua mara moja.

Gharama za kila mwezi katika mfano huu: msimamizi pamoja na mchango wake wa NSSF 250,000, intaneti 70,000, umeme 90,000, maji 30,000, gesi na sabuni na chai na maji ya kunywa 80,000, akiba ya matengenezo 40,000. Jumla 560,000. Kama mpangaji wa kawaida angekulipa 500,000 kwa mwezi bila usumbufu, basi hujapata kitu hadi uvuke 1,060,000. Hiyo ni usiku 14 za mgeni mmojammoja, au 12 za wanaokaa tatu tatu. Julai hadi Oktoba unafika. Aprili hufiki, na mwaka unao Aprili kila mara. Tumia namba zako, lakini fanya hesabu hii kabla ya kununua friji.

Mgeni mmoja, kalenda mbili

Mtu wa mlima anaweka nafasi mbili, kabla na baada. Ziandike zote mbili siku moja, vinginevyo usiku wa pili utamuuzia mwingine na huyu atashuka amechoka akute watu ndani. Zile siku za katikati ni zako kuuza, ila mabegi yake yanabaki. Tenga stoo yenye kufuli, begi lifungwe na lebo ya jina na tarehe ya kurudi, na mwenyewe apige picha. Pasipoti, fedha na kompyuta aende navyo au ziwe kwenye sefu, usizipokee mkononi. Wengine hushuka mapema kwa sababu ya ugonjwa wa mlimani, kwa hiyo elewana na jirani mwenye nyumba kama yako mpokeane wageni siku za namna hiyo.

Kosa la tarehe ni la kila wiki. Mgeni anayetua KIA saa 7 usiku kuamkia tarehe 12 anapaswa kulipia usiku wa tarehe 11. Wengi huweka tarehe 12, na mlinzi anamkuta getini nyumba ikiwa na watu. Uliza namba ya ndege kila mara. Kisha ongeza saa mbili baada ya kutua, moja ya viza na mabegi, karibu moja ya barabara. Mlinzi mwandikie kwa saa zetu na neno kamili, "saa mbili usiku, Jumatano", na mgeni mwandikie 20:00. Ukimpelekea mlinzi ujumbe wa mgeni unaosema "8 pm" kama ulivyo, siku moja mtu atakuja kusubiriwa saa nane mchana.

Desemba mambo yanageuka. Wachagga wanarudi nyumbani, na familia zisizotosha kwenye nyumba za Kibosho, Marangu au Rombo zinatafuta nyumba mjini. Hawa hawahitaji brashi ya viatu. Wanahitaji maegesho ya magari matatu, sufuria kubwa, jokofu lenye nafasi na uvumilivu wa majirani. Toza kwa nyumba nzima, andika idadi ya juu ya watu wanaolala, na ujue kwamba kwa watu kumi lile simtanki la lita 2,000 halifikishi hata siku mbili.

Aprili na Mei tafuta wageni wa mwezi: wanafunzi wa udaktari na watu wa kujitolea wanaokuja KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, au watafiti. Kwa mfano wetu, mgeni wa mwezi anayelipa 1,400,000 kupitia mtandao, ukatoa asilimia 15 na 60,000 za kubadilisha shuka kila wiki, anakuachia 1,130,000, juu kidogo ya kile kikomo cha 1,060,000. Kwenye makubaliano yake andika uniti ngapi za umeme zimo ndani ya kodi, tuseme 80, na kwamba zikizidi ananunua tokeni mwenyewe. Mwonyeshe na namna ya kuziingiza kwenye mita siku anayofika.